Nyaturu wa Chuma na Kiu ya Mgunda Mkali

Ndugu msomaji, usicheke. Sisi vijana wanne wa Mitundu tuliamua kujenga reli. Si reli ya kupandwa na watu, la hasha. Reli ya mezani, ya spoku za baiskeli na makopo ya samaki, juu ya ubao mmoja wa plaiwudi wenye urefu wa sentimita 240 na upana wa 120. Wapo watakaosema ni mchezo wa watoto, na kweli kila mtoto wa huku amewahi kuunda gari la waya lenye matairi ya ndala. Lakini sisi tulitaka kitu cha kueleza historia. Tulitaka anayeingia pale aseme, "Kumbe ndivyo ilivyokuwa!"

Kabla ya kushika nyundo tulikaa kijiweni tukachora. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu.

Tulikubaliana kwamba kila kitu kipunguzwe mara 50. Mita moja ya kweli iwe sentimita mbili za mezani. Reli yetu ya Kati ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, kwa hiyo spoku zetu zikae sentimita mbili. Rahisi. Kisha mwenzetu mmoja, mtu wa hesabu, akauliza: na urefu je? Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kama kilomita 1,252. Gawanya kwa 50. Unapata kilomita 25 na ushee! Meza ya kilomita 25, bwana, hata ukianzia Mitundu unaweza kuishia porini ukitafutwa na fisi.

Basi anayetaka kujenga reli mezani lazima achague. Hawezi kuweka yote. Ni kama mwandishi wa hadithi fupi: maisha ya mtu ni miaka 70, karatasi ni nane. Unachukua siku moja tu, ila iwe siku ambayo yote yanakutana. Na katika reli ya enzi za mvuke, mahali yote yanapokutana ni depo ya injini. Pale injini inakunywa maji, inajazwa mafuta, inaoshwa tumbo, inageuzwa, inalala. Tukasema, tujenge depo.

Tukachora banda la njia mbili, tukachora daraja la kugeuzia lenye urefu wa sentimita 30, tukaunda injini moja fupi ya kopo la maziwa. Tukajiona mafundi. Siku hiyo akapita babu mmoja jirani yetu, mzee wa makamo ya mbali ambaye ujana wake aliuchezea kule Itigi stesheni. Tukamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akainama, akatazama kazi yetu kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

"Wajukuu zangu," akasema, "hii mashine yenu ni nzuri. Maji yake yako wapi?"

Tukatazamana. Hatukuwa na tangi. Hatukuwa na bomba. Injini yetu haikuwa hata na behewa la nyuma la kubebea maji. Tulikuwa tumejenga mashine ya mvuke isiyo na maji, tena tumeijenga katika nchi hii yetu. Babu akacheka kidogo, akaendelea na safari yake. Sisi tukabaki na aibu yetu.

Makala hii imetoka katika swali lile.

Turudi nyuma kabisa, kabla ya chuma. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaenda Unyanyembe, mahali ilipo Tabora ya leo. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na kipande cha nyika kilichoogopwa na kila mpagazi. Jina lake Mgunda Mkali. Burton na Speke walikipita mwaka 1857, Stanley akakipita mwaka 1871, na wote waliandika habari za kiu yake. Lakini kabla yao na baada yao walipita maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi na wengineo, mzigo begani na kibuyu kiunoni, ambao hawakuandika neno. Walichokijua wao kilikuwa kitu kimoja: ukikosea kuhesabu maji, hufiki.

Ukiuliza Mgunda Mkali uko wapi leo, simama Itigi ugeuke upande wowote. Ni nchi hii hii. Kile kichaka kizito cha miti mifupi iliyosongamana, ambacho wataalamu wa mimea duniani wanakitaja kwa jina la Itigi, ndicho kilichowachana ngozi wapagazi. Na ukishuka kusini kwa barabara ya Rungwa unafika kwetu Mitundu, kwenye miombo na mizinga ya nyuki.

Ndipo Wajerumani wakaja na chuma. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Kazi ilishikwa na kampuni ya Philipp Holzmann. Mwaka 1907 reli ikafika Morogoro, mwaka 1910 Dodoma, mwaka 1912 Tabora, na Februari 1914 ikagusa maji ya Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Tazama vizuri: kati ya Dodoma na Tabora ni miaka miwili tu, na katika miaka hiyo miwili reli ilipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Saranda hadi Manyoni, kisha ikaukata Mgunda Mkali kwa kifua. Itigi, Kazikazi, Tura, Malongwe, Goweko. Waliotoboa ile njia kwa jembe na shoka wengi wao walikuwa Wanyamwezi na watu wa makabila ya jirani. Yaani watoto wa wapagazi walijenga kitu kilichoiua kazi ya upagazi.

Miezi sita baada ya reli kufika Kigoma, vita ikaanza. Mwaka 1916 Wajerumani wakirudi nyuma walibomoa madaraja ya reli waliyoijenga wenyewe, na Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Waingereza wakairithi njia, wakaitengeneza, na mwaka 1928 wakaifikisha Mwanza kwa tawi la kutoka Tabora.

Sasa rudi kwenye swali la babu. Injini ya mvuke ni birika kubwa lililowekwa magurudumu. Moto unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, kisha unatoka kwenye bomba la moshi, "chuku chuku", na haurudi. Kila mlio ule ni maji yanayopotea hewani. Kuni zilikuwepo porini, na injini za zamani zilizila sana. Maji ndiyo yaliyokuwa ya kutafuta. Na maji yenyewe siyo kila maji. Maji yenye chumvi na chokaa hujenga ukoko ndani ya tumbo la injini kama ule unaouona ndani ya birika la nyumbani, na birika la injini likishika ukoko halipati moto vizuri, mabomba yake yanaharibika. Ndiyo maana depo lazima iwe na mahali pa kuosha matumbo ya injini. Mtu wa Singida haitaji kuelezwa sana: ziwa Singidani liko pale mjini, limejaa, na huwezi kulinywa.

Basi ikiwa nchi ina kiu, injini lazima ibebe kibuyu chake yenyewe. Kibuyu hicho ni lile behewa la nyuma lililofungwa moja kwa moja kwenye injini, lenye maji na kuni au mafuta. Watu wa reli huliita tenda. Si ile tenda ya kuomba ofisini, hii ni ya chuma.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1950 shirika hilo likaagiza injini mpya Uingereza. Zilizojulikana zaidi ni zile kubwa za daraja la 59, aina ya Garratt, 34 kwa idadi, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa zaidi ya mita 31. Zilipewa majina ya milima. Hizo zilifanya kazi hasa njia ya Mombasa na Nairobi.

Lakini kwa ajili ya nchi kavu ya Tanganyika iliundwa injini nyingine, daraja la 30, huko Glasgow kwa North British. Haikuwa kubwa kama Garratt. Sifa yake ilikuwa tenda. Ilikuwa ndugu wa daraja la 29, ila ilipewa tenda kubwa zaidi ili iweze kwenda mbali bila kusimama kunywa. Mafundi wa Glasgow, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, walikaa mezani wakachora kibuyu cha kuvukia Mgunda Mkali.

Injini hizi zilipewa majina ya makabila. Na moja wapo, nambari 3020, iliandikwa ubavuni: NYATURU.

Nilipolijua hili nilisimama. Wanyaturu ni watu wa Singida, majirani zetu, wakwe zetu. Wenyewe kwa lugha yao hujiita Arimi. Jina la "Nyaturu" ndilo wanaloitwa na wengine, na ndilo lililochongwa kwenye chuma. Injini hiyo ipo hadi leo, lakini haipo Singida. Haipo Manyoni wala Tabora. Ipo Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, pamoja na magarratt mawili yenye majina ya milima ya Tanzania, Gelai na Shengena. Mtoto wa Nairobi anaweza kupanda juu ya Nyaturu akapiga picha. Mtoto wa Ilongero hajui kama ana ndugu wa chuma.

Sasa twende kwenye ufundi, kwa sababu hapa ndipo mchoro wetu ulipovunjika.

Kwa nini injini igeuzwe? Injini ya namna ile ina mbele na nyuma. Dereva amekaa nyuma ya tumbo, anachungulia pembeni kuitazama njia. Ukiiendesha kinyumenyume, tenda inatangulia: inamziba macho, vumbi linampiga usoni, na vile vigurudumu vidogo vya mbele vinavyoiongoza injini kwenye kona vinakuwa vimebaki nyuma, kwa hiyo lazima utambae. Garratt haina taabu sana, maana imeundwa kama injini mbili zilizobeba tumbo moja, inakwenda pande zote. Lakini Nyaturu na tenda yake ndefu, akifika mwisho wa safari, ni lazima ageuzwe.

Njia za kugeuza ni mbili. Ya kwanza ni pembetatu ya reli. Injini inaingia upande mmoja, inarudi nyuma upande wa pili, inatoka upande wa tatu, tayari imegeuka, kama gari linavyogeuza kwenye njia panda. Pembetatu haina mashine ya kuharibika. Inataka ardhi tu, na ardhi huku kwetu, Mungu ashukuriwe, ipo. Ya pili ni daraja la kugeuzia: shimo la duara, katikati yake mhimili, juu ya mhimili daraja fupi lenye reli. Injini inapanda, daraja linazungushwa, injini inatoka imegeuka.

Tukajaribu pembetatu kwenye mchoro. Kona ya kweli yenye nusu-kipenyo cha mita 100 kwetu inakuwa mita mbili. Meza yetu ina upana wa mita moja na robo kasoro. Haiingii hata kwa dawa! Tukacheka: nchi ina ardhi haina maji, meza ina maji ya kikombe haina ardhi. Kwa hiyo daraja.

Lakini daraja la urefu gani? Hili ndilo swali ambalo kila mpangaji wa depo lazima alijibu kabla ya kuchimba shimo, iwe depo ya kweli au ya mezani. Daraja lazima liwe refu kuliko injini pamoja na tenda yake, kutoka gurudumu la kwanza hadi la mwisho. Sisi tulikuwa na daraja la sentimita 30 kwa sababu tulikuwa na injini isiyo na tenda. Chukua injini ya mita 20 pamoja na tenda: mezani ni sentimita 40, na huwezi kukata sawa sawa, lazima uache nafasi ya kusogea. Tukaandika 44. Kwa nini kusogea? Kwa sababu ya mizani. Injini ikisimama pale ambapo uzito wake wote umekaa juu ya mhimili wa katikati, watu wawili wanaweza kuisukuma kwa mikono, mzigo wa makumi ya tani, kama mlango. Ikisimama pembeni kidogo tu, ncha ya daraja inalemea reli ya duara iliyo chini, na hata watu kumi watatoka jasho.

Na mahali pa mizani hapakai pamoja. Tenda ikiwa imejaa maji, uzito uko nyuma. Tenda ikiwa imekauka, uzito uko mbele. Dereva mzuri alijua asimamishe wapi kwa kujua amebakiza maji kiasi gani. Basi unaona, ndugu msomaji: maji yanaamua ukubwa wa tenda, tenda inaamua urefu wa daraja, daraja linaamua upana wa shimo, shimo linaamua banda likae wapi na njia zipinde wapi. Ukichora depo ukaanza na banda kwa kuwa linapendeza, kama tulivyofanya sisi, utabomoa. Anza na kiu.

Tulibomoa. Wiki mbili za kazi zikaenda na maji ambayo hatukuwa nayo.

Wakati wa kujenga upya ukaja ugomvi wa kweli, siyo wa sentimita. Mwenzetu mmoja, ambaye huandika mashairi, akasema depo iitwe Mitundu. "Nani atatuzuia? Meza yetu, spoku zetu. Tuandike MITUNDU kwenye kibao cha stesheni, watoto wakija waone kwao kuna treni." Maneno yale yalinigusa, sitaficha. Reli haijawahi kuja Mitundu. Reli inapita Itigi, sisi tunaifuata kwa barabara, na kiangazi vumbi, masika matope. Wenzetu wa upande wa Singida angalau waliwahi kuonja: mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri, kisha miaka ya 1940 wakaling'oa chuma kwa chuma. Miaka mingi baadaye reli ikarudi Singida. Kupewa ukanyang'anywa ni uchungu, lakini kutopewa kabisa nako kuna uchungu wake, wa kimya.

Tulibishana hadi taa ikaisha mafuta. Mimi nilisema hivi. Hadithi inaruhusiwa kubuni, na anayebuni aseme kwamba anabuni. Historia ikibuni bila kusema, inaiba. Tukiandika MITUNDU, mtoto atakayeamini leo atakuja kucheka kesho, na siku hiyo hataamini pia habari za Mgunda Mkali, wala za Nyaturu wa Nairobi, wala za wale wapagazi, ambazo ni kweli tupu. Tutakuwa tumeuza ng'ombe kwa ajili ya kamba.

Mshairi wetu akanuna siku mbili. Ya tatu akaja na wazo lake mwenyewe, bora kuliko langu. Kibao cha stesheni kikaandikwa DEPO YA KUBUNI, herufi nyeupe juu ya nyeusi, wazi kabisa. Na kutoka depo, barabara ya vumbi la kweli, tuliloliokota mlangoni kwetu, inakwenda hadi ukingo wa meza na kukatika pale. Pale ukingoni kuna kibao kidogo cha bati: KWENDA MITUNDU. Anayetazama, akifuata barabara ile kwa macho, anajikuta anatazama miguu yake mwenyewe, sakafu ya chumba alichosimama. Hapo ndipo Mitundu.

Zama za mvuke zimekwisha. Dizeli ilichukua nafasi yake, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 injini zikagawanywa kama mali za mtalaka. Injini nyingi za dizeli zinakwenda mbele na nyuma bila kugeuzwa. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwenye reli mpya pana, ya milimita 1,435. Zipo treni zake zenye chumba cha dereva kila upande: ikifika mwisho, dereva anatembea tu hadi upande wa pili. Haichemshi maji, haijui kiu. Daraja la kugeuzia halina kazi tena, labda mezani kwetu.

Kwa vijana wenzangu mnaotaka kuandika na hamjui muanzie wapi: tafuteni swali la mzee anayepita. Letu lilikuwa la maneno manne tu, likatubomolea meza na kutujengea makala.

Babu alirudi mwezi uliofuata. Tukamwonyesha tangi la kopo la kahawa juu ya nguzo nne, bomba la mpira wa sindano, tenda ndefu nyuma ya injini, na ubavuni kwa rangi ya kucha ya dada: NYATURU. Daraja limekaa juu ya beringi ya baiskeli kuukuu. Tulikuwa tumejaza maji ya kweli kwenye tenda, kijiko kwa kijiko. Babu akanyoosha kidole kimoja, akasukuma. Daraja likasita, ncha ikalemea. Akasogeza injini mbele, upana wa ukucha hivi. Akasukuma tena.

Likazunguka lenyewe, kimya, hadi uso wa injini ukaelekea Tabora.